Taa za nyumba huchaguliwa kabla ya plasta

Mwaka wa kwanza baada ya kuhamia kwangu nilikuwa nakata vitunguu ndani ya kivuli changu mwenyewe. Taa ya jikoni ilikuwa katikati ya dari, benchi la kukatia liko ukutani, na kila nilipoigeukia kazi mgongo wangu uliziba mwanga wote. Nikanunua globu kubwa zaidi. Kivuli kikazidi kuwa cheusi. Globu haikuwa na kosa, kosa lilikuwa jibu nililompa fundi umeme siku aliponiuliza, "Taa niziweke wapi?" Nilimwambia aweke katikati, vyumba vyote, kwa sababu siku hiyo akili yangu yote ilikuwa kwenye mifuko ya saruji. Baada ya plasta na rangi, kuhamisha swichi na taa moja kulitaka ukuta uchimbuliwe, upigwe plasta tena, upakwe rangi tena.

Mpangilio ninaoufuata hapa ndio ningeufuata kama ningejenga upya. Utaona kwamba kwenda dukani kunakuja mwishoni.

Hatua ya 1: Zunguka boma na chaki

Boma likishapauliwa, kabla fundi hajachimba mifereji ya mabomba ya nyaya ukutani, ingia ndani na chaki. Nenda na mtu atakayeitumia nyumba hiyo: mwenye jiko lake, mtoto anayesoma, mzee anayeamka usiku. Simameni katika kila chumba na kuulizana maswali mawili tu. Hapa mkono utafanya nini? Jicho litaangalia nini? Majibu yaandikeni ukutani palepale: kitanda, kichwa huku, kochi, jiko la gesi, sinki, kioo, meza ya kusomea, hapa bibi anaswali. Mkimaliza, ukuta wenyewe utawaonyesha taa ziende wapi.

Chora pia upande ambao kila mlango utafungukia. Swichi huwekwa upande wa kitasa, si upande wa bawaba, la sivyo utaingia gizani, ufunge mlango kwanza, ndipo uipapase swichi nyuma yake. Kimo cha kama mita 1.2 hadi 1.4 kutoka sakafuni kinawafaa watu wazima na watoto wa shule pia.

Hapo hapo amua ni wapi unataka swichi za njia mbili, yaani taa moja iwashwe sehemu moja na kuzimwa sehemu nyingine. Zinahitajika kwenye ngazi (chini na juu), kwenye koridoo ndefu, na kwenye chumba cha kulala, mlangoni na kando ya kitanda. Swichi hizi zinahitaji waya wa ziada kati ya pointi mbili, na waya huo ni rahisi sana kupitishwa leo, ni mgumu sana mwezi ujao.

Kama nyumba ni ya bati na dari ya jipsamu au mbao, pointi za darini unaweza kuzisogeza baadaye kwa sababu nyaya hupita juu ya dari. Ukuta ndio usiosamehe. Kama ni ghorofa lenye zege juu, basi hata pointi za darini ziamuliwe kabla zege halijamwagwa, kwa kuwa mabomba hulazwa pamoja na nondo.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma boksi

Taa nyingi zinazouzwa sasa ni za LED. Ni vizuri kujua kilichomo ndani yake, maana kitu hicho kinaeleza mambo mengi tutakayoyakuta mbele. Kipande kidogo cha kielektroniki hutoa nuru ya samawati, nayo hupita katika unga wa njano unaoigeuza kuwa nyeupe. Samawati hiyo ilisumbua wanasayansi miaka mingi. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walioipata walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Unga ukiwa mwingi na mzuri, nuru inakuwa ya njano tulivu. Ukiwa kidogo, samawati inabaki nyingi na nuru inakuwa nyeupe kali.

Kwenye boksi tafuta mambo haya.

Lumeni ndiyo mwanga. Wati ni umeme unaoliwa, wala haisemi taa inang'aa kiasi gani. Globu ya zamani ya wati 60, ile ya waya mwembamba unaowaka, ilitoa lumeni kama 800. LED ya wati 8 au 9 hutoa kiasi kilekile. Ya zamani ya wati 100 ilitoa kama 1,600. Taa isiyoandikwa lumeni kabisa mimi siinunui, kwa sababu mtengenezaji ameficha kitu kile hasa unachokilipia.

Ili uone uzito wa jambo hili kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, chukua nyumba yenye globu 10 zinazowaka saa 5 kila usiku. Zikiwa za zamani za wati 60, ni uniti 3 kwa siku, uniti 90 kwa mwezi. Zikiwa LED za wati 9, ni uniti 13 na nusu kwa mwezi. Kwa anayepigania kubaki kwenye daraja la bei ya chini la TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, la matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hesabu hiyo peke yake inaamua.

Kelvini, herufi K, ni rangi ya nuru. 2700K hadi 3000K ni njano tulivu, karibu na nuru ya kandili. 4000K ni nyeupe isiyoegemea upande. 6500K ni nyeupe yenye samawati, nayo ndiyo iliyojaa madukani. Wengi wetu tunaipenda ile nyeupe kali kwa sababu ya kumbukumbu: njano ni koroboi, njano ni umeme hafifu, nyeupe ndiyo maendeleo. Nami nilifikiri hivyo. Lakini rangi ya nuru na wingi wa nuru ni mambo mawili tofauti. Globu ya 3000K yenye lumeni 1,000 ina mwanga mwingi kuliko ya 6500K yenye lumeni 600, hata kama ya pili inaumiza macho zaidi.

CRI, au Ra, ni uhalisi wa rangi, kwa kipimo kinachoishia 100. Jua ni 100. Chini ya 80, nyanya mbivu huonekana kama imechoka na ngozi ya mtu hukosa damu. Kubali 80 kwa vyumba vya kawaida. Jikoni na kwenye kioo tafuta 90.

IP ina tarakimu mbili: ya kwanza ni kinga dhidi ya vumbi na wadudu, ya pili ni kinga dhidi ya maji. IP20 ni ya ndani pakavu. IP44 hustahimili maji yanayorukaruka. IP65 haiingii vumbi na hustahimili maji ya kumwagiwa kwa bomba.

Volti: umeme wetu ni 230 kwa Tanzania na 240 kwa Kenya, lakini kila anayeishi mwisho wa laini anajua jinsi unavyoshuka jioni na kupanda usiku wa manane. Taa iliyoandikwa 85–265V ina uvumilivu zaidi kuliko iliyoandikwa 220–240V.

Na kitako: B22 ni cha pini mbili, E27 ni cha skrubu, E14 ni skrubu nyembamba ya taa za mapambo, GU10 ni cha spotilaiti ndogo. Chagua aina moja kwa nyumba nzima ukiweza. Mimi nina B22 karibu kila mahali, na siku globu ya baraza inapoungua usiku naazima ya stoo.

Neno moja kuhusu tyubu za zamani na zile globu za kujipinda. Zina zebaki ndani, na nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zimekubaliana kuziondoa sokoni: globu za kujipinda ifikapo mwaka 2025 na tyubu zote ifikapo 2027, baada ya nchi za Afrika kulisukuma jambo hilo mbele. Kwa hiyo usijenge nyumba mpya ukiipangia fremu za tyubu hizo. Ukiwa nazo na moja ikavunjika, fungua madirisha, toa watoto, zoa vipande kwa karatasi ngumu na si kwa ufagio.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mwanga wa kila chumba

Pima urefu na upana kwa mita, zidisha upate eneo, kisha zidisha kwa lumeni hizi kwa kila mita ya mraba: chumba cha kulala na koridoo 100, sebule 150, jikoni 250 hadi 300, na mahali pa kusomea, yaani pale tu mezani, 400. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya mwanga unaomezwa na kuta, kifuniko cha taa na vumbi.

Mfano: sebule ya mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20. Mara 150 ni lumeni 3,000. Ongeza theluthi, zinakuwa 4,000. Hizo ni globu 5 za lumeni 800. Ukizikusanya zote katikati ya dari utapata jua dogo katikati na pembe zenye giza. Ukizigawa, mbili darini, mbili ukutani, moja kwenye taa ya kusimama karibu na kochi, chumba kilekile na umeme uleule vitakuwa kitu kingine kabisa.

Rangi ya ukuta iingize katika hesabu. Ukuta mweupe au wa krimu hurudisha mwanga. Ukuta wa kahawia, wa udongo au wa mbao huumeza. Kuta zikiwa nzito, ongeza nusu badala ya theluthi.

Hatua ya 4: Chumba kwa chumba

Jikoni ndiko ninakotaka tukae kidogo, kwa sababu ndiko kwenye kisu, moto na mafuta, na ndiko tunakoweka taa kwa kudhania. Kipimo changu ni sinia ya mchele. Kama mtu hawezi kuketi au kusimama pale saa mbili usiku akachambua mchele na kuona kila kijiwe, jiko halijawashwa.

Taa ya katikati ibaki, lakini isiwe peke yake. Kama kuna makabati ya juu, funga taa za mkanda au taa nyembamba chini yake, kwenye ukingo wa mbele na si kule nyuma ukutani. Zikiwa mbele zinamulika benchi lote, zikiwa nyuma zinamulika vigae. Taa za mkanda ziko za volti 12, zinazohitaji adapta, na ziko za kuunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Karibu na sinki na mikono yenye maji chukua za volti 12, na adapta uiweke juu ya kabati pakavu. Kama hakuna makabati, safu ya taa mbili au tatu darini, juu ya ukingo wa mbele wa benchi, yaani kama sentimita 60 kutoka ukutani, inaondoa kile kivuli cha mgongo. Rangi 4000K, CRI 90. Juu ya jiko usitundike kitu chenye kitambaa, ukindu au mikunjo: mvuke wa mafuta utaingia na hautoki.

Anayepikia uani, kwa mkaa au kuni, apewe taa yake huko, iliyofungwa vizuri, IP65, ukutani juu ya bega la mpishi na si nyuma yake. Wanawake wengi hupika nusu ya maisha yao kwa tochi ya simu iliyobanwa shingoni, nyumba ikiwa na taa za mapambo sebuleni. Hilo linaniuma, na ni jambo la waya wa mita chache tu.

Sebuleni anza na pangaboi. Hili halisemwi vya kutosha. Taa za kuzama darini zikiwekwa juu ya mapanga, kila panga linapopita linakata mwanga na chumba kizima kinapepesa. Watu wanaumwa kichwa na hawajui sababu. Pangaboi la kawaida la inchi 56 lina kipenyo cha kama sentimita 140. Taa za darini ziwe nje ya duara hilo kwa hatua nzima, au tumia taa za ukutani zilizo chini ya kimo cha mapanga, au pangaboi lenye taa yake chini. Na mapanga yenyewe yasiwe chini ya mita 2.1 kutoka sakafuni.

Hapo ndipo swali la taa kubwa ya kuning'inia linapokuja. Chumba kimoja hakibebi vyote viwili katikati, pangaboi na taa kubwa. Kwa joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mimi huchagua pangaboi na kupeleka taa ya kuning'inia juu ya meza ya chakula. Juu ya meza, ukingo wa chini wa taa uwe sentimita 75 hadi 90 kutoka juu ya meza, ili muonane nyuso bila globu kuwachoma macho. Mahali watu wanapopita chini yake, iachie mita 2.1 au zaidi.

Ukubwa wake una kanuni rahisi: jumlisha urefu na upana wa chumba kwa mita, zidisha kwa 8, utapata kipenyo cha taa kwa sentimita. Sebule ya 4 kwa 5: 9 mara 8, sentimita 72. Nilishawahi kununua taa ya mita nzima kwa sababu dukani ilionekana ndogo. Dukani dari lilikuwa mara mbili ya langu. Pima kabla ya kutoka nyumbani, na karatasi yenye vipimo iwe mfukoni.

Rangi ya sebule: 3000K. Mtu akija usiku kusalimia, nyuso zitaonekana za watu waliopumzika. Nyuma ya televisheni weka taa ndogo inayomulika ukuta, macho hayatachoka. Wenye nyumba za mawe za Lamu na Unguja wana bahati ya vidaka ukutani, na taa ndogo ya 2700K ndani ya kidaka inafanya kazi ambayo hakuna taa kubwa ya kuning'inia inayoiweza. Ila kuta zile ni za matumbawe na chokaa, na Mji Mkongwe na Lamu ni Urithi wa Dunia tangu 2000 na 2001. Usimruhusu fundi achimbe mifereji. Nyaya zipite juu ya ukuta kwa utaratibu, kando ya boriti.

Vyumba vya kulala vinataka kidogo kuliko tunavyoviwekea. Taa moja ya kawaida darini, isiyo juu ya uso wa anayelala, na taa ya kusomea kila upande wa kitanda, sentimita 50 hadi 60 juu ya godoro. Rangi 2700K au 3000K. Samawati nyingi usiku huchelewesha usingizi, hasa wa watoto, kwa hiyo 6500K isiingie humo. Mtoto anayesoma chumbani apewe taa ya mezani ya lumeni 400 hadi 500, iwekwe upande wa kushoto kama anaandika kwa mkono wa kulia, na upande wa kulia kama anaandika kwa kushoto, ili mkono usitie kivuli kwenye mstari. Chumba chenye chandarua kina jambo lake: taa ya darini ikizuiwa na fremu ya chandarua, kitandani ni giza. Ndiyo maana taa za kando ya kitanda, zenye swichi inayofikika bila kutoka chandaruani, si anasa.

Bafuni na chooni usalama kwanza. Swichi ikae nje ya mlango, au iwe ya kuvuta kwa kamba. Taa iwe IP44 angalau, na IP65 ikiwa iko juu ya bomba la mvua. Kwenye kioo, taa moja juu ya kichwa huweka vivuli chini ya macho na kidevu, na mwenye kunyoa anajikata. Taa mbili, moja kila upande wa kioo, kama mita 1.6 kutoka sakafuni, 4000K, CRI 90, zinamaliza tatizo.

Koridoo, stoo, ngazi: taa ndogo za lumeni 400 hadi 500 zinatosha. Kwenye ngazi muhimu ni kuona ukingo wa kila kipandio, kwa hiyo taa ya ukutani ubavuni ni bora kuliko ya darini. Sensa ya mwendo inafaa sana pale mzee anapopita usiku kwenda msalani.

Nje kuna maadui wawili, wadudu na chumvi. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua huvutwa zaidi na nuru yenye samawati, basi barazani weka 2700K, na taa isiwe juu kabisa ya mlango; isogeze mita moja au mbili pembeni ili wadudu wabaki huko mlango ukifunguliwa. Taa iwe imefungwa, IP54 kwenda juu, vinginevyo baada ya msimu mmoja wa vuli itajaa mabawa. Ukanda wa bahari, chuma kilichopakwa rangi hutoboka kwa kutu mapema sana. Chukua plastiki nzito isiyopauka kwa jua, shaba, au chuma kisichoshika kutu, na skrubu zake pia ziwe za aina hiyo. Skrubu ndizo huanza kuoza. Taa za getini zielekeze chini, si machoni mwa jirani na mpita njia.

Hatua ya 5: Dukani

Sasa nenda, na karatasi yako yenye vyumba, vipimo, lumeni na rangi. Kariakoo na kwingineko muuzaji wa taa huwa na holda ya kujaribia. Usilipe kabla taa haijawashwa mbele yako. Ikiwa imewaka, ielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo cha simu, taa hiyo inapepesa hata kama jicho halilioni hilo, na haifai kusomea. Inyanyue mkononi: LED nzuri ina uzito wa aluminiamu ya kupooza joto. Nyepesi kama ganda la yai, iache. Angalia alama ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS ukiwa Kenya, na uandikishe dhamana kwenye risiti.

Joto ndilo linaloua LED. Chini ya bati la moto la mchana, nafasi iliyo juu ya dari huwaka kama tanuri, na kile kisanduku kidogo cha umeme cha taa ya kuzama hukaa humo humo. Ndiyo sababu za kuzama huungua kabla ya zile za kubandikwa chini ya dari. Ukizitaka, chagua zinazobadilishwa globu au kisanduku chake peke yake, si zile ambazo kikiungua kipande unatupa taa nzima. Nunua mbili za akiba za aina ileile siku hiyo hiyo, maana mwakani duka litaleta za tundu lenye upana mwingine, na dari lako lina tundu la zamani.

Hatua ya 6: Ufungaji

Mtumie fundi mwenye leseni. Kwa Tanzania leseni hiyo hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Usimwingilie kazi, lakini yapo mambo matatu ya kumuuliza kwa heshima. Swichi inakata waya wa moto, ule unaoleta umeme? Ikikata nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, taa itazimika lakini holda itabaki na umeme, na LED nyingine huendelea kung'aa hafifu usiku kucha. Kwenye holda za skrubu, waya wa moto umekwenda kwenye kituo cha katikati na si kwenye nyuzi za pembeni? Mtu anayebadilisha globu hugusa nyuzi hizo. Na taa za chuma zimeunganishwa na ethi, ule waya wa kijani na njano? Nyaya za taa kwa kawaida ni za milimita za mraba 1.5, na saketi breka yake, kile kifaa kinachokata umeme ukizidi, ni ya ampea 6 au 10. Ukiona breka kubwa kuliko hiyo imewekwa kwenye taa, uliza kwa nini.

Taa nzito isibebwe na jipsamu kamwe. Ifungwe kwenye mbao ya kenchi au kwenye zege kwa bolti, na mbao hiyo ya ziada ipigiliwe kabla dari halijafungwa.

Kwa aliyepanga

Usipoweza kugusa ukuta wa mwenye nyumba, bado una mengi. Badilisha globu za 6500K kwa 3000K vyumbani, na zile za zamani uziweke kwenye boksi uzirudishe siku ya kuhama. Nunua taa ya kusimama na taa ya mezani. Jikoni, taa ya mkanda ya volti 12 yenye adapta inachomekwa kwenye soketi na kubandikwa kwa gundi yake. Globu za kuchaji, zile zinazoendelea kuwaka umeme ukikatika, weka moja jikoni na moja koridoni. Ukihama, unahama nazo zote.

Hatua ya 7: Jaribio la usiku

Kabla hujammalizia fundi fedha zake, rudi saa mbili usiku. Washa taa zote dakika kumi, zima moja moja. Kaa mahali pa kochi. Lala mahali pa kitanda, hata kama ni sakafuni, uangalie juu: kama unaona globu yenyewe inakuchoma jicho, taa hiyo isogezwe au ipewe kifuniko cheupe kama maziwa. Washa pangaboi na uangalie kuta. Panda ngazi, shuka ngazi. Nenda jikoni na sinia ya mchele.

Kisha chukua kalamu ya wino usiofutika, uandike tarehe kwenye kitako cha kila globu. Risiti na maboksi matupu yaingie kwenye mfuko mmoja, na mfuko uutundike stoo, nyuma ya mlango, pamoja na zile mbili za akiba.